Bunduki kongwe ya jeshi na risasi inayoifaa

Namba iliyoandikwa kwenye boksi la risasi haitoshi kukuambia kama risasi hizo zinaifaa bunduki uliyonayo. Mwenye bunduki mpya ya kuwindia hununua kwa jina na mara nyingi mambo humwendea sawa. Lakini Lee-Enfield ya mwaka 1917, au Mauser iliyopitia mikono ya majeshi matatu, haisomeki kwa jina peke yake. Huenda mtutu ulibadilishwa. Huenda chemba ilichongwa upya ili ipokee risasi nyingine. Huenda bolti iliyomo leo siyo iliyotoka nayo kiwandani. Ndiyo maana bunduki ya namna hii husomwa yenyewe kwanza, kwa macho na kwa vipimo, kisha ndipo itafutwe risasi.

Maneno yawekwe sawa mapema, maana kwa Kiswahili cha kila siku "risasi" ni kitu kizima na pia ni kile kinachoruka. Hapa risasi ni kitu kizima. Kinachoruka tutakiita kichwa, kopo la shaba ni ganda, kilichomo ndani yake ni baruti, na kile kidude cha duara katikati ya kitako cha ganda kinachogongwa na pini ni fataki. Ndani ya mtutu kuna mifereji iliyochongwa kwa mzunguko, na kati ya mfereji na mfereji kuna tuta. Nafasi ambamo risasi hukaa kabla ya kufyatuliwa ni chemba, na kipande cha chuma chenye mpini kinachoisukuma risasi humo na kuifunga chemba kwa nyuma ni bolti.

Kwa nini hapa kwetu kuna mchanganyiko

Vita ya Kwanza ya Dunia iliacha nchi hii, Tanzania, na historia ya risasi iliyovurugika kuliko sehemu nyingi. Mwaka 1914 askari wengi wa jeshi la Wajerumani walikuwa bado wanabeba Mauser ya mfano wa 1871, yenye kichwa cha madini ya risasi tupu cha milimita 11 na uzito wa gramu 25 hivi, kikisukumwa na gramu 5 za baruti nyeusi. Kila mlio ulitoa wingu la moshi lililomwonyesha adui mfyatuaji yuko wapi. Vita vya Tanga, Novemba 1914, viliwapatia bunduki za Waingereza za .303 na shehena kubwa ya risasi zake. Aprili 1915 meli Rubens ililetwa hadi ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ikashambuliwa na kuzama kwenye maji mafupi. Shehena iliopolewa, na risasi zilizolowa maji ya chumvi zikafunguliwa, baruti ikakaushwa, zikafungwa upya. Machi 1916 meli Marie ikafika ghuba ya Sudi, karibu na Lindi, na shehena nyingine. Novemba 1917, huko Ngomano ng'ambo ya Ruvuma, zikatekwa bunduki za Wareno.

Kwa hiyo jeshi moja lilibeba Mauser ya milimita 11, Mauser ya milimita 7.92, Lee-Enfield ya .303 na bunduki za Kireno, na kila moja ilikuwa na risasi yake isiyokubali kuingiliana na nyingine. Baada ya vita utawala ukawa wa Waingereza na .303 ikawa risasi ya serikali: KAR (jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki), polisi, maaskari wa wanyamapori. Ukiona leo jijini Dar es Salaam bunduki ya kijeshi ya zamani yenye kibali halali, iwe ni ya mwindaji au ya familia iliyorithi, ya kwanza kuifikiria ni .303. Ila usiishie kufikiri.

Namba inapima nini hasa

Hapa ndipo watu wengi hupotea, na kosa si lao. Namba hizo zilitungwa na nchi mbalimbali, kila moja ikipima mahali pake.

Jina .303 ni inchi 0.303, sawa na milimita 7.70, na hupimwa tuta kwa tuta, kabla mifereji haijachongwa. Kichwa chenyewe lazima kijaze mifereji, hivyo ni kinene kuliko jina: inchi 0.311 hadi 0.312, yaani milimita 7.90 hadi 7.92. Sasa angalia Mauser ya Kijerumani inayoitwa 7.92. Nayo imepimwa tuta kwa tuta, na kichwa chake ni milimita 8.2. Mtu aliyeshika kalipa, kile kipimio cha unene chenye taya mbili, akapima kichwa cha .303 na kupata 7.92 anaweza kuamini ameshika risasi ya Mauser. Hapana.

Namba 7.62 ndiyo inayochanganya zaidi, kwa sababu hapa ikitajwa, wengi huwaza SMG au AK, ambayo hutumia 7.62x39. Ile namba ya pili ni urefu wa ganda kwa milimita, na ndiyo inayotenganisha ukoo mmoja na mwingine. Kuna 7.62x51 ya nchi za NATO, kuna 7.62x54R ya Mosin-Nagant ya Kirusi, na kuna 7.62x63 ya Marekani, inayojulikana kama .30-06. Ya Mosin ina kichwa cha milimita 7.9 hivi, karibu sawa na cha .303, wakati ya NATO na ya Marekani ni 7.82. Herufi R huonyesha kuwa kitako cha ganda kina ukingo uliotokeza nje.

Ukiwa na kalipa ya shilingi chache tu unaweza kuzitambua bila kusoma herufi yoyote. Ganda la .303 lina urefu wa milimita 56 na kidogo, ukingo wake milimita 13.7. La Mosin ni milimita 53.7 kwa urefu, ukingo 14.4 hivi. La Mauser 7.92 ni milimita 57, na kitako chake, takriban milimita 12, hakitokezi nje ya mwili wa ganda. Kuna mfereji tu wa kushikwa na kucha ya bolti inayotoa ganda. La 7.62x51 lina kitako cha milimita 12 pia, lakini ni fupi kwa karibu milimita 6.

Kosa la hatari kuliko yote katika orodha hii ni risasi ya Mauser 7.92x57 kuingia kwenye bunduki ya .30-06. Ni fupi kidogo, kwa hiyo chemba huipokea na bolti hufunga. Kichwa cha 8.2 kinalazimishwa kupita kwenye mtutu uliochongwa kwa 7.82. Msukumo wa gesi hupanda kupita uwezo wa chuma, na bunduki hupasuka usoni mwa mtu. Bolti kufunga si ushahidi kwamba risasi ndiyo yake.

Ndani ya ukoo wa Mauser wenyewe kuna mtego mwingine. Risasi ya mwaka 1888 ilikuwa na kichwa butu cha gramu 14.7 na unene wa milimita 8.08 hivi. Wajerumani wakaibadilisha mwanzoni mwa karne ya 20, kichwa kikawa chenye ncha, gramu 10, unene milimita 8.2, na mifereji ya mitutu mipya ikachimbwa zaidi. Ile ya zamani sokoni huitwa 8x57 J au I, ile mpya 8x57 JS au IS. Herufi S ndiyo ya kutafuta. Bunduki ya mfano wa 1888 ambayo haina herufi S iliyogongwa juu ya chemba isilishwe risasi ya JS kabisa. Yenye S nayo ipimwe mtutu kabla ya kuaminiwa, kwa kuwa wakati mwingine kilichopanuliwa ni koo la chemba tu, pale kichwa kinapoingilia mtutu, na mifereji ikaachwa ilivyo. Ni kwa sababu ya mtego huu viwanda vya Marekani hutengeneza 8 mm Mauser laini, yenye msukumo mdogo, ilhali za Ulaya zilizoandikwa JS hujazwa nguvu zake zote.

Kuhusu Mauser ya 1871 ya milimita 11, jibu ni fupi: ilijengwa kwa baruti nyeusi, na baruti isiyo na moshi haifai kuingizwa humo kwa kiasi chochote. Mahali pake ni kwenye kabati la maonyesho.

Kuisoma bunduki

Anza na mihuri. Kwenye Lee-Enfield tazama mkanda wa chuma ulio nyuma ya mpini wa bolti, pale kitako cha mbao kinapoanzia: huko ndiko hugongwa aina, kiwanda na mwaka. No. 1 Mk III, ile yenye mdomo bapa usiotokeza mtutu, ilianza 1907. No. 4, ambayo mtutu wake hutokeza kidogo mbele, ni ya Vita ya Pili. Zote mbili ni .303. Lakini kiwanda cha Ishapore, India, kilitengeneza miaka ya 1960 bunduki iitwayo 2A na 2A1, inayofanana na No. 1 Mk III kama pacha, na hiyo ni ya 7.62x51. Alama yake ya haraka ni magazini yenye pembe kali, mraba zaidi kuliko ya .303. Kwa Wareno, Mauser ya mwaka 1904 ilizaliwa ikiwa ya 6.5x58, na nyingi zikabadilishwa mwishoni mwa miaka ya 1930 kuwa 7.92. Jina la mfano lilibaki, tundu likabadilika.

Kisha linganisha namba. Kwenye Lee-Enfield namba ya bunduki hugongwa mwilini, na bolti hubeba namba hiyohiyo nyuma ya mpini wake. Zikitofautiana, ujue mtu aliokota bolti ya bunduki nyingine akaitia humo. Si mwisho wa bunduki, ila usifyatue kabla fundi silaha mwenye leseni hajapima.

Anachopima ni uwazi kati ya uso wa bolti na mahali ukingo wa ganda unapokaa. Kwa .303 ya kijeshi kuna geji mbili, yaani vipande vya chuma vya kupimia vinavyoingizwa chembani: ya inchi 0.064, ambayo ikiwemo bolti lazima ifunge, na ya inchi 0.074, ambayo ikiwemo bolti haitakiwi kufunga. Ikifunga ya pili, uwazi umezidi. No. 4 ina dawa nafuu, kwa sababu ncha za bolti zake zilitengenezwa kwa urefu tofauti zikapewa namba 0, 1, 2 na 3, na fundi hubadilisha ncha tu. No. 1 haina namba hizo, inabidi kujaribisha moja baada ya nyingine. Kwa Mauser au .30-06 geji hukaa kwenye bega la ganda na si kwenye ukingo, lakini wazo ni lile lile.

Mtutu nao upimwe. Fundi hupaka mtutu mafuta, huingiza donge laini la madini ya risasi lililo nene kidogo kuliko tundu, hulisukuma taratibu kwa ufito hadi litokee upande wa pili, kisha hupima kwa maikromita sehemu zilizoingia kwenye mifereji. Kwa .303 zilizotumika sana, kipimo cha 0.311 wakati mwingine huwa 0.315 au hata zaidi. Bunduki nyingi hizi zilikula cordite, baruti ya Kiingereza iliyokaa ndani ya ganda kama tambi. Ile ya mwanzo ilikuwa na nitrogliserini asilimia 58, iliwaka kwa joto kali, na ikalamba koo la mtutu likawa laini kama bomba. Baadaye ikapunguzwa hadi asilimia 30, lakini mitutu mingi ilishaumia.

Kipimo hiki ndicho kinachoamua umbo la kichwa. Mtutu uliolika unapenda kichwa chenye kitako bapa, kwa sababu gesi hukipanua kitako hicho kikaziba mwanya. Kichwa chenye mkia mwembamba, kilichoundwa kwa masafa marefu, huruhusu gesi kupenya pembeni, na vichwa hutawanyika ubaoni kama mchele uliomwagwa. Waingereza wenyewe walikuwa na risasi ya mkia mwembamba, Mark VIIIz, waliyoitenga kwa bunduki za rasharasha za Vickers.

Kama mihuri imefutika au bunduki imebadilishwa na fundi wa mtaani, njia ya uhakika ni kumwaga chemba: aloi maalumu inayoyeyuka chini ya nyuzi 90 humiminwa kwenye chemba iliyozibwa mbele, huachwa igande, hutolewa, na hupimwa baada ya saa moja hivi, kwa sababu mwanzo husinyaa kisha hutanuka tena hadi kipimo halisi. Hakuna kubahatisha kwingine kunakofaa kuchukua nafasi ya kipimo hicho.

Mpya au ya stoo ya jeshi

Kwa bunduki itakayofyatuliwa, tunashauri risasi mpya ya kiwandani bila kusita. Kiwanda cha Prvi Partizan cha Serbia, PPU kwenye boksi, bado kinatengeneza .303, 8x57 JS, 7.62x54R na nyingine nyingi ambazo wenzake waliziacha. Sellier & Bellot wa Czech nao wana .303 na Mauser. Fataki zao hazina chumvi inayokula chuma. Ganda zao zina tundu moja tu katikati ya kiti cha fataki, wakati zile za zamani za Ulaya nyingi zina matundu mawili madogo, na anayejaza ganda upya kihalali atajua mara moja ni lipi linatolewa fataki kwa pini ya kawaida.

Uzito nao ni wa kuangalia. Vilengeo vya Lee-Enfield vilihesabiwa kwa Mark VII ya mwaka 1910: kichwa cha grenii 174, gramu 11.3, kikitoka kwa kasi ya mita 744 kwa sekunde. Ukipata risasi mpya ya grenii 174, namba za kwenye kilengeo zitakuwa karibu na ukweli. Ukitumia ya kuwindia ya grenii 150 au 180, itapiga juu au chini ya ulipolenga, na unatakiwa kupima upya ubaoni kwa mita 50 kisha 100 kabla ya kwenda porini. Kichwa cha kijeshi kilichofunikwa chuma kizima si cha kuwindia. Hupita mwilini kikiacha tundu dogo, mnyama anakimbia na jeraha na kufia mbali.

Risasi ya stoo ya zamani husomwa kitakoni. Kwenye .303 utaona mwaka, mara nyingi tarakimu mbili za mwisho, herufi za kiwanda na alama ya aina. K ni Kynoch, DI ni Defence Industries ya Canada, POF ni viwanda vya Pakistan. VII au 7 ni ya kawaida. W ni ya kutoboa chuma, G huwaka ikiruka ili ionekane njia yake, B huchoma. Rangi inayozunguka fataki nayo husema: zambarau ya kawaida, kijani ya kutoboa, nyekundu ya kuonyesha njia, buluu ya kuchoma. Hizo tatu za mwisho si za raia wala si za uwanja wa shabaha. Zikabidhiwe polisi. Za POF zina sifa mbaya ya kuchelewa: pini inagonga, kimya, kisha mlio.

Hilo la kuchelewa linaua watu wenye haraka. Ukivuta kifyatulio na bunduki isilie, usifungue bolti. Acha mdomo wa mtutu uelekee ubaoni, hesabu walau sekunde 30, wengi huhesabu 60, kisha fungua ukiwa umeweka uso pembeni. Na ukisikia mlio dhaifu, kama kofi dogo badala ya kishindo, simama kabisa. Toa bolti, tazama ndani ya mtutu kwenye mwanga. Huenda kichwa kimekwama katikati, na risasi inayofuata ikikikuta humo mtutu unavimba au unapasuka.

Kabla hata ya kufika uwanjani, ganda la zamani linakaguliwa kwa macho. Ufa kwenye shingo: tupa. Kutu ya kijani iliyochimba shaba: tupa. Kichwa kinachozunguka kwa vidole: tupa. Unga wa kahawia-nyekundu au harufu kali ya siki unapofungua boksi ni dalili kwamba baruti inaoza, na asidi yake inakula shaba kutoka ndani. Ganda kama hilo linaweza kuonekana zuri nje na kupasuka chembani.

Pale ganda linapokatika

Lee-Enfield ina tabia yake ambayo haina budi kueleweka. Bolti yake hukazwa nyuma, mbali na chemba, na chemba zake za kivita zilichongwa pana makusudi ili risasi yenye matope ya handaki iingie. Risasi inapolia, sehemu ya mbele ya ganda hutanuka na kung'ang'ania kuta za chemba. Kitako chake husukumwa nyuma mpaka kikutane na bolti. Uwazi ukiwa mkubwa, shaba iliyo kati ya sehemu hizo mbili huvutika na kuwa nyembamba, karibu sentimita moja juu ya ukingo. Mara ya kwanza huonekana pete ya kung'aa kulizunguka ganda. Ganda hilo likijazwa upya na kufyatuliwa tena, hukatika: bolti inatoa kitako tu, mwili unabaki ndani.

Pete hiyo huonekana kwa nje, lakini hatari yake hujulikana kwa ndani. Chukua waya mwembamba wa chuma, kama wa kibanio cha karatasi, noa ncha, ikunje iwe ndoano ya milimita mbili. Ingiza ndani ya ganda tupu hadi kitakoni, kisha kokota kuelekea mdomoni huku ukiisugua ukutani. Kwa ganda zima ncha hupanda laini. Kwa ganda lililovutika utahisi ncha ikiangukia kwenye mfereji na kukwama kabla ya kuendelea. Likunje kwa koleo ili lisirudi kwenye mzunguko.

Usipake risasi mafuta, wala usiache chemba ikiwa na mafuta. Inaonekana kama uangalizi, lakini mafuta huzuia ganda kung'ang'ania kuta, na nguvu yote inaishia kwenye bolti. Mafuta ya kulegeza nati yanayopuliziwa kutoka kwenye kopo ni mabaya zaidi kwa kuwa hupenya hadi kwenye fataki na kuiua.

Jambo dogo la kujaza magazini, ambalo huonekana kama bunduki mbovu: kwa .303 ukingo wa kila risasi lazima ukae mbele ya ukingo wa iliyo chini yake. Ukikaa nyuma, bolti inaposukuma ya juu, kingo zinakamatana na zote mbili zinakwama. Kwenye klipu ya risasi tano wanajeshi walizipanga kingo chini, juu, chini, juu, chini.

Chumvi ya fataki na hewa ya pwani

Fataki nyingi za kijeshi za zamani zilikuwa na potasiamu kloreti. Ikilipuka, inaacha ndani ya mtutu potasiamu kloridi, chumvi iliyo ndugu wa ile ya mezani. Chumvi hiyo ikiwa kavu haidhuru. Lakini unyevu wa hewa ukivuka asilimia 84 hivi, huanza kunyonya maji hewani na kuyeyuka juu ya chuma, na kutu huanza hapo. Dodoma wakati wa kiangazi bunduki isiyosafishwa huenda ikastahimili siku kadhaa. Dar es Salaam, alfajiri za masika, unyevu huvuka kiwango hicho bila shida, na aliye Kigamboni au Msasani anaongezewa na chumvi ya bahari. Mtutu uliofyatuliwa Jumamosi mchana ukiachwa mchafu, Jumapili asubuhi una vumbi jekundu, na baada ya wiki mbili tatu una mashimo ambayo hakuna ufito utakaoyaondoa.

Dawa yake ni maji. Chumvi huyeyuka kwenye maji, haiyeyuki kwenye mafuta, hata yale ya kusafishia bunduki yenye harufu kali na bei kubwa. Na amonia haina muujiza: katika dawa zenye amonia, kinachoondoa chumvi ni maji yaliyomo. Toa bolti, elekeza mdomo wa mtutu chini, weka faneli yenye mpira mwembamba ndani ya chemba ili maji yasiingie chini ya mbao, mimina lita moja au mbili za maji yaliyochemka. Moto wa maji hupasha chuma, na chuma chenye joto hukauka chenyewe. Pitisha vitambaa vikavu mpaka kitoke kikavu, ndipo utumie dawa ya kuondoa masizi, na mwisho mafuta mepesi. Osha pia uso wa bolti na ncha ya pini, maana gesi ya fataki huwagusa hao kwanza. Kesho yake pitisha kitambaa cheupe tena. Kikitoka na rangi ya kutu, rudia yote.

Asiyejua kama risasi zake zina chumvi amwombe fundi atoe kichwa na baruti ya moja, afyatue fataki peke yake kuelekea kipande cha chuma kilichosuguliwa kwa msasa, kisha akiache dirishani usiku kucha pamoja na kipande kingine kisichoguswa. Hewa ya Dar itajibu asubuhi.

Uhifadhi ni vita dhidi ya vitu vitatu: joto, unyevu na amonia. Boksi la chuma lenye mpira wa kuziba, pakiti za silika za kunyonya unyevu ndani, kwenye kabati la chini lililofungwa kwa ufunguo. Si darini chini ya bati, si kwenye buti la gari, kwa kuwa joto huharakisha kuoza kwa baruti. Usiziache kwenye mkanda wa ngozi: tindikali iliyotumika kulainisha ngozi huota kutu ya kijani juu ya shaba. Kuhusu amonia kuna funzo la karne ya 19 kutoka India, ambako risasi zilizotunzwa karibu na mazizi ya farasi zilipasuka shingo kila msimu wa mvua. Uchunguzi ukaonyesha baadaye kuwa amonia ya mkojo pamoja na unyevu hupasua shaba iliyobakia na mkazo tangu kiwandani. Anayefuga kuku uani asiweke stoo ya risasi upande wa banda.

Kununua, kurithi, kuokota

Silaha na risasi nchini zinatawaliwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, chini ya Msajili wa Silaha katika Jeshi la Polisi. Unanunua kwa muuzaji mwenye leseni, ukiwa na kibali cha bunduki hiyo, kwa aina ya risasi iliyomo kwenye kibali. Hakikisha kilichoandikwa ndicho kilichogongwa kwenye chuma. Kibali kinachosema "rifle 7.62" kwa bunduki ambayo kweli ni .303 kitakukwamisha dukani, na mbaya zaidi kinaweza kukuuzia risasi isiyo yake. Omba kirekebishwe kwa maandishi, ukiwa na vipimo vya fundi mkononi.

Mzee akifariki na kuacha bunduki, kibali chake hakirithiwi pamoja nayo. Isalimishwe kituo cha polisi huku familia ikishughulikia maombi ya atakayemilikishwa. Na mkikuta kopo la risasi za miaka ya 1940 stoo, au jembe likiibua za 1917 shambani huko Lindi au Tanga, msizisugue, msizitikise, msipakie kwenye daladala kuzipeleka kituoni. Ziacheni zilipo, watoto wasogezwe mbali, na polisi waitwe waje kuzichukua wenyewe.